PARI/GP: kikokotoo cha bure kilichonitoa kwenye varianci hasi

"Dada, hivi varianci inaweza kuwa hasi?"

Mdogo wangu ni mpima ardhi. Alinipigia akiwa saiti, upepo unavuma kwenye simu kama mtu anayepuliza chupa, na mimi nimekaa na rundo la madaftari ya kidato cha tano. Nikamwambia haiwezi. Varianci ni wastani wa miraba ya tofauti kati ya kila kipimo na wastani wao, na mraba wa namba yoyote tunayohesabia haushuki chini ya sifuri. Ukijumlisha vitu ambavyo hakuna hata kimoja kilicho hasi, hiyo hasi itaingilia mlango gani?

"Basi mimi ninayo hapa mbele yangu. Hasi sifuri nukta sifuri moja mbili tano."

Alikuwa amesoma bikoni moja, yaani nguzo ya alama ya wapima ardhi, mara 10 na alitaka kujua vipimo vyake vinapishana kiasi gani. Akaviingiza kwenye kijiprogramu alichoachiwa na mwenzake aliyehamia kituo kingine. Kikamrudishia −0.0125. Alipoomba kipeuo cha pili ili apate mkengeuko, kikagoma kabisa, na hapo sikilaumu. Nilimwambia anitumie namba zote 10 kwa ujumbe mfupi, nikaweka madaftari pembeni, na usiku ule ndio nilipopakua PARI/GP kwenye simu. Huu ni mwezi wa saba ninaitumia, nyumbani na darasani, na karibu mara zote kwa kazi ya aina moja: kujumlisha miraba. Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni ya mwalimu wa hesabu mwenye shida moja tu. Mengine mengi ambayo programu hii inaweza kufanya sijayagusa.

Nianze na ile hasi, maana ndipo nilipoona programu hii inajali nini.

Ramani zetu kusini mwa ikweta hupewa mita 10,000,000 pale kwenye ikweta ili watu wasihangaike na namba hasi, kisha unahesabu kwa kupungua ukielekea kusini. Ndiyo maana huku Iringa umbali wa kaskazini wa bikoni husomeka kitu kama 9140123.456. Kile kijiprogramu kilitumia kanuni ya mkato tunayoifundisha sote: jumla ya miraba, toa mraba wa jumla uliogawanywa kwa idadi, kisha gawanya. Kwenye karatasi kanuni hiyo haina kasoro. Kwenye mashine, namba ya desimali ya kawaida hubeba tarakimu 15 au 16 hivi, basi. Mraba wa 9140123.456 unafika trilioni 83 na nusu. Ukijumlisha 10 unakaribia trilioni 835, na kwenye ukubwa huo mashine haihesabu tena kwa milimita, inaruka kwa hatua za 0.125. Wakati huohuo tofauti ya milimita moja, ukiipandisha kipeo cha pili, ni 0.000001. Ni sawa na kutaka kujua uzito wa uzi ulioshonea gunia kwa kupitisha lori zima kwenye mzani wa barabarani, mara moja gunia likiwa na uzi na mara moja likiwa halina. Utapata sifuri, au utapata hatua moja juu, au hatua moja chini. Mdogo wangu aliangukia chini: −0.125 gawanya kwa 10.

Nikaandika kwenye PARI/GP, kwa namba tatu kwanza ili nione:

norml2([9140123.455, 9140123.456, 9140123.457]) - 3*9140123.456^2

Ikanirudishia 0.000002, na ndilo jibu. Ile amri norml2 maana yake ni jumla ya miraba ya vyote vilivyomo ndani ya mabano. Nimetumia kanuni ileile mbovu, kwa makusudi, na bado ikatoka salama, kwa sababu bila kuambiwa lolote programu hii hufanya kazi kwa tarakimu 38. Ukitaka 100 unaandika \p 100 na maisha yanaendelea. Namba nzima ndizo hazina kikomo kabisa isipokuwa kumbukumbu ya simu yako.

Mdogo wangu nilimpa dawa ya kweli pia, ile inayofanya kazi kwenye mashine yoyote: toa wastani kwanza, ndipo upandishe kipeo cha pili. Hapa nikakutana na tabia ya kwanza ya programu hii iliyonikera. Nilikuwa na orodha v na wastani m, nikaandika v-m nikitegemea itoe m kwenye kila namba. Ikakataa, na kukataa kwake huja na nyota tatu mbele ya ujumbe kama mlinzi wa geti mwenye tochi. Huruhusiwi kutoa namba moja kutoka kwenye orodha. Unatakiwa kusema apply(x->x-m, v). Kihisabati wana haki, vekta si namba. Lakini mpima ardhi aliye juani saa saba mchana hataki kusikia habari za vekta.

Kuhusu kuipata: ni bure, chini ya leseni huria ya GPL. Ya kompyuta ipo, ya Android inaitwa PariDroid, na kwenye tovuti yao kuna hata ya kutumia ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Haikuniumiza bando. Ikishaingia kwenye simu haihitaji intaneti tena, na kwa shule ambayo umeme ukikatika mtandao nao unayumba, hilo pekee nalipa nyota nzima. Ilianza Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1985, kwenye timu iliyoongozwa na Henri Cohen, na siku hizi msimamizi wake ni Karim Belabas wa chuo kikuu cha hukohuko. Mwaka huo wa 1985 ndio niliozaliwa mimi, na nitaurudia hapo chini kwa sababu ni namba nzuri kuliko nilivyojua.

Sura yake sasa. Ukiifungua usitegemee vitufe vya rangi wala picha. Kuna alama moja tu ya kuuliza, inakusubiri. Yaani yenyewe ndiyo inayoanza kukuuliza. Unaandika amri, inajibu kwa %1 na jibu lako, la pili %2, na kuendelea, na unaweza kulirudia jibu la zamani kwa kuandika alama hiyo na namba yake. Nilipoirusha kwenye projekta mara ya kwanza, sauti kutoka nyuma ikauliza kama Madam ameharibu simu.

Darasani niliingia na swali la kitabuni: jumla ya miraba kuanzia 1 hadi 100.

sum(k=1,100,k^2)

338350. Wenye vikokotoo nao wakapata hivyohivyo, wakanitazama kwa huruma. Nikawaambia wafanye hadi 4321. Skrini za vikokotoo vyao zina nafasi ya tarakimu 10, kwa hiyo zikaonyesha 2.690185896 zidisha 10 kwa kipeo cha 10. Simu yangu ikaonyesha 26901858961. Tarakimu moja ya mwisho imeliwa, ile 1. Kijana mmoja akasema, "Madam, moja kwenye bilioni 26 ni nini?" Kwa muuza duka si kitu, nakubali. Kwa mtu anayetaka kujua kama namba hiyo inagawanyika kwa 7, hiyo moja ndiyo habari yote. Kisha nikapeleka hadi 10^7. Ikafikiri sekunde chache, ikaleta 333333383333335000000. Tarakimu 21, zote zimo. Lugha nyingi za kompyuta zinazohifadhi namba nzima kwenye biti 64 zingekuwa zimeshafurika zamani na kukupa takataka bila hata kuomba radhi.

Kuna amri nyingine ambayo kwa mwalimu ina thamani kuliko zote hizo. Andika sumformal(n^2) na utapata 1/3*n^3 + 1/2*n^2 + 1/6*n. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe, kwa sehemu halisi, si 0.3333. Wanafunzi wamezoea n(n+1)(2n+1)/6, kwa hiyo niliwaachia kazi ya kuonyesha kwamba ni kitu kimoja, na nusu yao walikwama kwenye kufungua mabano, jambo ambalo nisingelijua kama ningewapa kanuni imeshapikwa. Badilisha 2 iwe 3, iwe 4, iwe 10, inakupa tu. Mwanazuoni Ibn al-Haytham alihangaika na jumla ya vipeo vya nne yapata miaka elfu moja iliyopita ili aweze kukokotoa ujazo. Ningependa kumwona uso akiiona simu hii. Uthibitisho kwa induksheni haikuandikii. Huo bado unautolea jasho, na mtihani bado unautaka.

Halafu kuna nyanya. Wauzaji wa Ilula, pale barabarani, hupanga mafungu, na mafungu mengine huwa na kitako cha mraba: 9 chini, 4 juu yake, 1 kileleni. norml2([1,2,3]) ni 14, fungu limekamilika. Niliwauliza wanafunzi: ni fungu la tabaka ngapi ambalo ukilibomoa unaweza kuzipanga nyanya zote chini zikawa mraba mmoja kamili, bila kubaki wala kupungua? Mfaransa Édouard Lucas aliuliza swali hilo mwaka 1875, yeye akitumia risasi za duara za mizinga badala ya nyanya. Tuliandika mstari mmoja:

for(n=1,10^6, if(issquare(n*(n+1)*(2*n+1)/6), print(n)))

Ikachapisha 1. Ikachapisha 24. Ikanyamaza hadi milioni. Tabaka 24 ni nyanya 4900, na 4900 ni 70 mara 70. Nikawaeleza kwamba hata ingeenda hadi bilioni isingepata nyingine, na kwamba hilo halikujulikana kwa kompyuta bali kwa uthibitisho wa G. N. Watson wa mwaka 1918. Ukimya ule darasani niliupenda. Mashine ilikuwa imetafuta milioni nzima na bado haikuwa na haki ya kusema "hakuna".

Hadi hapo "jumla ya miraba" imekuwa na maana mbili: ile ya data na ile ya mfululizo. Ya tatu ndiyo iliyonifanya niipende programu hii, na ndiyo iliyotumaliza vipindi viwili vya jioni. Geuza swali: nakupa namba, niambie kama inaweza kuandikwa kuwa jumla ya miraba miwili.

Tulianza na miaka ya uhuru. Mstari ni huu, na n unaiweka mwenyewe:

n=1961; for(a=1,sqrtint(n), if(issquare(n-a^2,&b) && a<=b, print(a," ",b)))

Tanganyika, 1961: ikaleta 5 na 44, halafu 19 na 40. Njia mbili! Hesabu kwa mkono: 25 na 1936, 361 na 1600. Zote 1961. Makofi, utadhani sisi ndio tuliopanga tarehe. Uganda, 1962: njia moja, 21 na 39. Kongo, 1960: 14 na 42. Kenya, 1963: haikuchapisha kitu. Tukajaribu tena tukidhani nimekosea kuandika. Hakuna. "Kwa hiyo Kenya haivunjiki, Madam?" Haivunjiki kuwa miraba miwili. Basi tuone mwaka wa Muungano, 1964, na darasa likajisogeza mbele kwenye viti. Hakuna pia.

Sababu inaonekana ukiandika factor. 1961 ni 37 mara 53, na namba tasa zote mbili ukizigawa kwa 4 hubaki 1. 1963 ni 13 mara 151, na 151 hubaki 3. Namba tasa inayobakiza 3 ikijitokeza mara moja, au mara tatu, au idadi yoyote isiyo shufwa, mlango umefungwa. Uganda ina 3 ndani yake lakini imejitokeza mara mbili, kwa hiyo ilipita. Mwanahisabati Fermat alimwandikia mwenzake Mersenne juu ya namba tasa za aina hii siku ya Krismasi mwaka 1640, na uthibitisho ukaja kutolewa na Euler karne iliyofuata. Na kwa nini Tanganyika ilipata njia mbili? Kwa sababu 37 ni 6² + 1² na 53 ni 7² + 2², na kuna kanuni, Brahmagupta wa India aliijua katika karne ya 7, ya kuzidisha jumla mbili za namna hiyo na kupata jumla mpya kwa njia mbili, moja kwa kujumlisha na moja kwa kutoa. 6×7 + 1×2 ni 44. 6×7 − 1×2 ni 40. Nyingine zitafute mwenyewe.

Kosa langu lilikuwa kuwaruhusu waweke miaka waliyozaliwa. 2006 hakuna. 2007 hakuna. 2008 hakuna. Zaidi ya nusu ya darasa wakakunja nyuso. 2009 ikaleta 28 na 35, na wasichana watatu waliozaliwa mwaka huo wamekuwa hawasemezeki tangu siku ile. Mimi wa 1985, pamoja na programu yenyewe, tuna njia mbili: 7 na 44, halafu 31 na 32. Niliwaambia hivyo kwa unyenyekevu wote niliokuwa nao.

Waliokosa wakadai haki yao, na hapo ndipo programu ilipopwaya. Lagrange alithibitisha mwaka 1770 kwamba kila namba nzima chanya inatosha kuandikwa kwa miraba minne, kwa hiyo hakuna mtoto anayebaki nje. Kwa namba tasa na miraba miwili PARI/GP ina amri iliyo tayari: qfbsolve(Qfb(1,0,1),1013) inakupa 22 na 23 papo hapo, na hata ukiiwekea 10^30+57, ambayo ni namba tasa ya tarakimu 31, inajibu kabla hujaondoa kidole, wakati ule mstari wangu wa for ungezeeka njiani. Lakini kwa miraba mitatu au minne sikupata amri ya namna hiyo, nikalazimika kuandika mizunguko ndani ya mizunguko. Ikatupa 2007 = 43² + 11² + 6² + 1², na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu namba inayobakiza 7 ukiigawa kwa 8 haikubali hata mitatu. Kenya nayo ikatulia na mitatu: 39, 21 na 1. Angalia vizuri utaona ni Uganda na moja. 1964 ni 42, 14 na 2, yaani Kongo na 4.

Programu nyingine ya hesabu, SageMath, inayo amri ya four_squares, na two_squares, na ukiipa 1963 inakueleza wazi kwamba haiwezekani. Ndani yake PARI imo pia, ikifanya kazi chinichini kama fundi asiyeonekana. Ila kuipakua Sage ni gigabaiti, na simu yangu ni Tecno ya kawaida yenye picha za mahafali tele. GeoGebra ninaipenda kwa michoro na nitaendelea kuipenda. Kwa kazi hii haikunifikisha. Mathematica ina PowersRepresentations inayotoa njia zote kwa mpigo, ni nzuri mno, na ni ya kulipia, labda uwe na ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ambako imekuwa ikija bure. Sina.

Kuna mambo mengine yanayochosha, niyaseme harakaharaka. Kutafuta ^ kwenye kibodi ya simu ni safari: alama, kisha alama nyingine, ndipo. Unaweza kuandika sqr(k) badala yake, ila ukiongeza t kwa bahati mbaya inakuwa sqrt, kipeuo cha pili, na programu haitakwambia kitu kwa sababu nayo ni amri halali. Nimeshawahi kusahihisha mfano mzima ubaoni kwa ajili ya t moja. Ukiunda orodha ndefu sana, mathalani norml2([1..10^7]), unaweza kuambiwa kumbukumbu imejaa, nayo inakuelekeza jinsi ya kuiongeza, tumia sum na hutakutana na hilo, kwa kuwa haihifadhi orodha. qfrep(matid(2),10) inahesabu kwa kila namba hadi 10 ni mara ngapi inaandikika, inatoa 2, 2, 0, 2, 4, 0, 0, 2, 2, 4, na nilipoteza robo saa nikishangaa kwa nini kila idadi ni nusu ya niliyohesabu kwa mkono. Jozi na hasi yake wanazihesabu kuwa kitu kimoja. Imeandikwa kwenye maelezo, lakini maelezo yote ni ya Kiingereza, mazito, na yanamchukulia msomaji kama mtu aliyemaliza shahada. Ukiandika ?sum unapata mistari michache inayotosha, anzia hapo.

Na hii ya mwisho ichukue kwa uzito. Ukitaka jumla ya 1 gawanya kwa kila mraba, hadi milele, ile ambayo Euler aligundua ni pai kwa mraba gawanya kwa 6, usiandike suminf. Itakwenda, na itakwenda, na chaji itaisha. Inasubiri vipande viwe vidogo kiasi cha kupuuzika, na vya mfululizo huu vinapungua polepole kama foleni ya benki mwisho wa mwezi. Andika sumpos(k=1, k^-2). 1.6449340668 na tarakimu nyingine nyingi, mara moja. Kwamba amri mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kukupa moja jibu na nyingine usiku mzima, hilo linatisha mgeni, na sioni dalili kwamba wanaona ni tatizo.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa sababu ya sura na maelezo. Mwalimu wa kidato cha tano na sita anayejua anachokitafuta, apakue leo. Mwanafunzi wa kidato cha pili asianzie hapa, atachukia. Mpima ardhi au mtu wa takwimu, itumie kuhakiki mashine yako, hasa ikiwa namba zako zinaanzia milioni na unachotafuta ni milimita.

Mdogo wangu ameisakinisha. Varianci yake sasa ni chanya, ndogo, ya kuaminika, na kile kijiprogramu amekifungua akaongeza mstari mmoja unaotoa wastani kwanza. Sasa wenzake ofisini wanataka niwafundishe kwa simu jioni moja. Nimemjibu akipita Ilula aniletee nyanya, fungu la 14, na lisiwe limebomolewa.